Mhamiaji alipataje ukanali?

SWALI: Hans Christian Heg alizaliwa Norwe, akafa akiwa kanali katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Hakupitia chuo cha kijeshi. Cheo alikipataje? Na kama aliongoza brigedi (rejimenti kadhaa pamoja), mbona hakuwa jenerali? Je, ilikuwa lazima mtu awe raia kwanza?

JIBU: Kamisheni, yaani hati za uofisa, za rejimenti (vikosi) za kujitolea zilitolewa na gavana wa jimbo. Gavana alihitaji mtu ambaye akiita watu, wanakuja, na Heg alikuwa mtu wa namna hiyo hasa. Alizaliwa Lier mwaka 1829, akahamia Muskego, Wisconsin, na wazazi wake mwaka 1840. Ujanani alikwenda California kusaka dhahabu, akarudi baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1859 alichaguliwa kamishna wa gereza la jimbo, kwa hiyo wahamiaji wenzake walikwisha kumjua kabla ya vita. Mwaka 1861 wito wa kujiunga ulitoka katika Emigranten, gazeti lao la Kinorwe, na Rejimenti ya 15 ya Wisconsin ikajikusanya Camp Randall, Madison.

Rejimenti ilikuwa na kombania 10, kila moja na kapteni mmoja na maluteni wawili. Aliyeleta watu wa kujaza kombania ndiye mara nyingi aliyepewa ukapteni, na kasoro ilianzia hapo: hodari wa kuandikisha watu si lazima ajue kuwapanga vitani. Ndiyo maana sheria ya 1861 iliruhusu mabaraza ya kuwapima maofisa wa kujitolea na kuwaondoa wasiofaa.

Ujenerali ulikuwa mikononi mwa Rais, kwa idhini ya Seneti. Kanali kuongoza brigedi lilikuwa jambo la kawaida. Heg alikabidhiwa yake mwaka 1863. Huko Chickamauga, Georgia, tarehe 19 Septemba mwaka huohuo, alipigwa risasi ya tumbo, akafariki kesho yake akiwa na miaka 33.

Uraia haukuwa sharti la kuvaa sare. Sheria ya Julai 17, 1862 ilimruhusu mgeni wa miaka 21 au zaidi, aliyeachishwa jeshi kwa heshima, aombe uraia kwa kuthibitisha mwaka mmoja tu wa ukaazi badala ya 5.

Ukisoma kumbukumbu za maofisa hawa, usichanganye tarehe mbili: ya kamisheni ya gavana, na ya kuingizwa rasmi katika jeshi la shirikisho. Kombania ikipungukiwa watu, ofisa aliweza kuwa na hati ya cheo mfukoni bila kuingizwa rasmi kwa cheo hicho, huku akiendelea kulipwa mshahara wa cheo cha chini.