Lijamu ya punda dume mwenye nguvu: chuma gani, unene gani, na kwanini nondo hapana

SWALI: Fundi shikamoo. Mi niko Pongwe, Tanga, nina punda dume wa miaka 6 anavuta mkokoteni wa mawe na madumu ya maji. Kawaida mpole tu ila akinusa jike ananiburuza mpaka kamba inanichubua viganja, wiki iliyopita nusura aniingize kwenye bodaboda. Fundi welda wa hapa kaona picha ya lijamu ya farasi, kile chuma cha mdomoni, kwenye simu, anasema atanichongea ya nondo ya milimita 8, iwe na mikono ya sentimita 20 kila upande na mnyororo chini ya kidevu, eti hata mtoto atamwongoza. Naomba vipimo sahihi, na chuma kipi kinafaa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hivyo viganja. Vipimo nitakupa vyote, ila kwanza mpigie huyo fundi umwambie asikate hiyo nondo. Asubiri.

Tuanze na mdomo wenyewe maana lijamu inakaa humo na watu wengi hawajawahi kuuangalia. Punda, kama farasi, ana meno ya mbele ya kukatia majani alafu kuna pengo halina meno, alafu ndo yanaanza magego. Lijamu inalala kwenye hilo pengo. Sasa pale chini hamna nyama, ni ufizi mwembamba umelala juu ya mfupa, na ule mfupa juu yake umechongoka kama ukingo, yani ni kama ugoko wako wewe. Ukitaka kujua anachosikia chukua hiyo nondo uikandamize kwenye ugoko alafu mtu aivute. Na huyo wako ni dume, kwa iyo humo humo kwenye pengo ana chonge, zinaota mbele kidogo ya pale chuma kinapokaa, lijamu ikining'inia chini sana inazigonga kila hatua.

Sasa hiyo mikono ya sentimita 20, vile vyuma vya pembeni mwa mdomo. Ule ni wenzo, hamna uchawi. Tuseme 5 ziko juu ya kile chuma cha mdomoni na 15 ziko chini pale unapofunga kamba. Ukivuta kilo 10 kwa mkono wako, mnyororo wa kidevu unapata kilo 30, na chuma cha mdomoni kinabeba zote mbili pamoja, yani kilo 40. Kilo 40 kwenye nondo ya milimita 8 yenye mabonde, juu ya ugoko. Na hapo umevuta taratibu, punda akikurupuka ukamfungia breki kwa uzito wa mwili wako wote hesabu ifanye mwenyewe. Farasi wa Ulaya wanaovaa lijamu za mikono mirefu wamefundishwa miaka, na anayewapanda anatumia vidole, havuti kwa kiwiko. Hiyo picha kwenye simu haikumwonesha fundi wako hilo.

Nakwambia kwa uchungu kwa sababu nimewahi kuitengeneza. Miaka ya mwanzo ya kazi hii hapa Ngamiani mteja alikuja na mchoro, nikafata mchoro, nikalipwa. Baada ya wiki mbili kamrudisha punda ulimi umekatika pembeni na ufizi umechimbika mpaka mfupa unaonekana mweupe, na ajabu ni kwamba alikuwa anavuta kuliko zamani. Punda akiumia mdomo haachi kuvuta, anainua kichwa juu, anakaza shingo na kuyakimbia maumivu, na maumivu yako mdomoni kwake kwa iyo anakimbia nayo. Daktari wa mifugo aliyemtibu ndo alinikalisha chini akanifunulia mdomo ule akanionesha kimoja kimoja. Tokea siku ile sitengenezi lijamu ya mnyama ambaye sijapimiwa mdomo wake.

Kwa punda wako ningeanza na pua kabla ya mdomo. Hatamu ya kichwa isiyo na chuma, mshipi wa pua upana sentimita 4 mpaka 5, mkanda wa turubai uliokunjwa mara mbili au mkanda wa kiti cha gari, ndani umeshonewa blanketi au kipande cha ngozi laini. Tafadhali usitumie kamba ya katani hapo, najua Tanga katani ndo kwetu na kwa kufungia mzigo haina mpinzani, lakini kwenye ngozi ya pua inakwaruza, ikilowa jasho inakakamaa na kukwaruza zaidi. Kamba nyembamba ya naironi nayo inaunguza ikiteleza. Mshipi ukae juu kwenye mfupa mgumu, vidole viwili chini ya pale mfupa wa shavu unapoishia. Ukishuka chini ya hapo mfupa wa pua unakuwa mwembamba unaweza kuvunjika, na zaidi ya yote unaziba pumzi, maana punda na farasi hawapumui kwa mdomo kama sisi, pua tu. Ukimziba pua atapigana na wewe kama anayezama na ana haki. Weka pete chini ya kidevu, funga kamba hapo. Madume wengi niliowafanyia hivi hawakuhitaji tena chuma mdomoni.

Ukiona bado, haya twende kwenye lijamu.

Upana unapimwa kwake, haukisiwi. Chukua kijiti laini au kipande cha paipu nyembamba ya plastiki, kipitishe mdomoni pale kwenye kona za midomo, weka alama kulia na kushoto palipogusa midomo kwa nje, alafu ongeza nusu sentimita kila upande. Farasi wa kawaida inakuja kama sentimita 12 na nusu, punda wetu ni wadogo, mara nyingi inakuja 10 au 11, ila nakusisitiza upime. Ikiwa fupi inabana midomo, ikiwa ndefu inateleza huku na huku na kusugua.

Unene, milimita 12 mpaka 14. Watu wanadhani chembamba ndo laini kwa sababu kinaonekana chepesi, ni kinyume, chuma chembamba kinakata kama uzi kwenye ugali. Lakini usikimbilie kuweka milimita 20 pia, ulimi wa punda ni mnene na mdomo wake mdogo, nafasi hamna, atabaki mdomo wazi.

Umbo, mi nakushauri kipande kimoja kisicho na kiungo, kimepinda kidogo tu mbele kama upinde, pale katikati kiwe kimeingia sentimita 1 au 1 na nusu hivi kutoka kwenye mstari ulionyooka, ulimi upate pa kulala. Zile lijamu zenye kiungo kimoja katikati ukivuta pande zote mbili zinajikunja kama koleo, zinabana ulimi na ile ncha inaweza kugonga kaakaa. Za vipande vitatu ni nzuri lakini kwa fundi wa barabarani viungo viwili ni sehemu mbili za kukosea, upenyo mdogo tu ukibaki unakamata nyama ya ulimi.

Pete za pembeni ziwe sentimita 6 upana wa ndani, chuma cha milimita 8, na zichomelewe zisizunguke. Pete inayopita kwenye tundu na kuzunguka inakamata ngozi ya kona ya mdomo. Umbo la herufi D ndo zuri zaidi kwako, upande ulionyooka unakaa shavuni na kumsukuma kichwa kwa upole ukimgeuza, pia hauwezi kupita ukaingia mdomoni ukivuta kwa pembeni.

Chuma ni stenlesi, kipande kigumu kisicho na uwazi ndani. Pale kwa mafundi wa boti mara nyingi wana mabaki ya shafti, nenda na sumaku, stenlesi nzuri za kawaida sumaku haishiki au inashika kidogo sana, ikinasa kwa nguvu iache. Chuma cha kawaida nacho hakina sumu, tatizo letu hapa ni hewa ya bahari, ukikiacha siku mbili kimeota kutu yenye vipele na vile vipele ni msasa mdomoni. Kilichopakwa zinki kama cha mabomba ya maji usikiguse kabisa, kukichomelea moshi wake unamtia fundi homa, na punda atakuwa anakilamba kutwa. Rangi pia hapana.

Kuchomelea atumie fimbo za stenlesi, sio zile za geti. Alafu hapa ndo kazi ilipo na ndo hapa mafundi wanaharakisha: apige grenda kila nukta ya weldingi, afate na msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, mpaka king'ae. Usiamini macho wala kidole chako chenye sugu. Chukua pamba, ipitishe kote taratibu, juu, chini, kwenye maungio ya pete. Popote pamba itakapoacha hata nyuzi moja rudi na msasa. Mi sikabidhi kazi mpaka pamba ipite nzima.

Kuna kitu utakiona kwa watu wa farasi wa mbio Uingereza, lijamu ya duara kamili inazunguka taya ya chini, inaitwa Chifney, jina la mpanda farasi wa zamani Samuel Chifney. Ni ya kuongozea kwa miguu tu farasi anayesimama kwa miguu ya nyuma, haipandiwi. Inafanya kazi, sibishi, lakini ni kali mno na kwa mtu anayeanza sikupi mchoro wake.

Kwenye kuongoza usifunge kamba kwenye pete moja, ukivuta lijamu yote inahamia upande mmoja. Shona mkanda mfupi uunganishe pete ya kulia na ya kushoto kwa chini ya kidevu, katikati yake tia pete ndogo, kamba ifungwe pale. Na ile hatamu ya pua aivae humo humo chini, maana punda hafungwi kwenye mti kwa lijamu, hata dakika moja. Akishtuka akarudi nyuma ndo unavunja taya. Akifika umefunga kwa hatamu, lijamu umetoa, anywe maji na kula bila chuma. Suuza kwa maji safi, tundika kivulini, lijamu iliyokaa juani saa saba mchana hapa Tanga ishike mwenyewe kwanza kabla hujampa.

Kuivalisha, inapanda mpaka iguse tu kona za midomo, mkunjo mmoja mdogo au hata usiwepo. Akionesha meno kama anacheka umeibana. Siku tatu za mwanzo mvalishe nusu saa tu bila kumvuta, aizoee. Ukiona kidonda, damu au mate yenye harufu, toa, usivalishe mpaka pamepona.

Kamba iwe mita 3, usijizungushie mkononi hata kidogo, hicho ndo kimekuchubua na siku ingine kitakukata vidole. Tembea usawa wa bega lake, sio mbele. Akianza kukaza usivute kurudi nyuma, mkivutana moja kwa moja ana uzito mkubwa kuliko wako na ameshashinda. Geuza kichwa chake kwako kwa pembeni, akigeuka miguu ya nyuma inabidi isogee na nguvu inakatika. Akilegea tu, legeza kamba hapo hapo, sekunde hiyo hiyo, ndo anaelewa.

Ila mdogo wangu, umesema mwenyewe akinusa jike. Kama huna mpango wa kumzalisha mwone daktari wa mifugo ahasiwe, miaka 6 bado inawezekana. Iwe daktari, na dawa ya ganzi, usikubali mtu aje na koleo la kuhasi ng'ombe, na uliza chanjo ya pepopunda. Mweke mbali na majike wiki kadhaa baada ya hapo maana bado anaweza kuzalisha, na tabia nyingine zinachelewa kuisha.

Kwa sasa shona ule mshipi wa pua, jaribu wiki mbili. Ikishindikana nitumie kile kijiti chenye alama mbili kwa mtu anayekuja mjini, na picha ya mdomo wake ukiwa wazi kwa pembeni nione chonge zilipo.