Kabla hujamwita fundi, pima mlango wa choo

Mkuu, umeuliza kuna haja gani ya kubomoa nyumba ili mzee mmoja apite na kiti cha magurudumu, wakati vijana wa kumbeba mnao. Mimi nina mwaka wa 9 kwenye kiti cha magurudumu, na miezi 7 ya mwanzo nilikuwa nabebwa. Nakujibu kwa upande wa anayebebwa.

Nilikuwa sigusi maji tangu saa kumi jioni, nisije nikaamsha mtu usiku anipeleke chooni. Matokeo yake maambukizi ya mkojo, mara mbili. Na wote nyumbani walikuwa wananipenda, hakuna aliyewahi kununa. Ndiyo maana nilishindwa hata kusema.

Kikwazo chenyewe kilikuwa mlango wa choo. Kiti changu kina upana wa sm 66, uwazi wa mlango sm 68. Ukisema kinapita, sawa, ila mikono inayosukuma magurudumu ipite wapi? Nilichubuka vidole mpaka nikaacha kujaribu. Tukapanua hadi sm 90 na kuufanya ufungukie nje, maana ukiangukia ndani, mlango unaofungukia ndani unauzuia kwa mwili wako mwenyewe. Usiku ule nilienda peke yangu saa nane. Nikakaa mle kuliko ilivyohitajika, basi tu.

Mteremko wa mlango mkubwa tuliukosea. Ngazi zilikuwa na kimo cha sm 30, fundi akamwaga zege la mita moja na nusu, akasifia kazi yake. Siku ya kwanza kiti kilibinuka kinyumenyume nami ndani. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani sm 30 za kimo zinataka urefu wa mita 3.6. Eneo likiwa dogo, ukunje kona, na pale konani pawe tambarare pa kugeuzia kiti. Tulivunja tukaanza upya.

Vyuma vya kushikilia chooni vifungwe kwenye tofali, si kwenye vigae peke yake. Swichi na kitasa mzee mwenyewe aonyeshe mkono wake unafika wapi.

Yote hayo si lazima yafanyike mwezi mmoja. Anza na choo. Mkalishe mzee kitini, mikono ikiwa kwenye magurudumu, upime kutoka kiwiko hadi kiwiko, kisha pima uwazi wa mlango ukiwa umefunguliwa. Leta vipimo hapa nikuchoree.