Kabla hujaichomeka redio ya babu

Watu huniletea redio za valvu (zile chupa za kioo zinazowaka ndani), feni nzito na pasi za zamani wakisema, "Fundi, hii ni nzima, imekaa tu." Huko kukaa ndiko ninakokuogopa. Shaba ikikaa kabatini haidhuriki sana. Kinachochakaa ni insulesheni yake, yaani ganda linalozuia umeme kutoka nje, na zamani hiyo mara nyingi haikuwa plastiki.

Anza na waya. Ile ya kabla ya miaka ya 1950 mara nyingi ni ya mpira uliotiwa salfa, juu yake pamba iliyosukwa. Salfa hula shaba, ndiyo maana nyuzi zile zilipakwa bati. Pamba yaweza kukudanganya: inang'aa, lakini ukiukunja waya karibu na plagi (ukiwa umechomolewa, jamani!) utasikia mpira ukivunjika ndani kama biskuti. Usiuzungushie utepe. Toa wote, weka mpya. Gutta-percha, utomvu uliofunika kebo ya telegrafu iliyofika Zanzibar mwaka 1879, ilidumu kwa sababu ilikaa majini. Kwenye hewa na mwanga nayo hukauka na kupasuka.

Kwenye redio, kapasita (vihifadhi chaji) za karatasi na nta nabadilisha zote bila kuzibembeleza. Karatasi hunywa unyevu, kapasita inavujisha umeme, valvu inapata moto kupita kiasi, na transfoma inaweza kuungua.

Bakelite, plastiki ngumu ya mwanzo aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907, ni imara, ila cheche zikishapita juu yake huacha mstari mweusi wa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Swichi yenye mstari huo tupa. Kauri isiyo na ufa ioshe tu. Ulanga (maika, madini ya matabaka membamba) wa kwenye pasi, jamii ya ule uliochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani, hustahimili joto kali. Mara nyingi ndio kitu kizima kuliko vyote humo. Ukikuta nyuzinyuzi za kijivu, huenda ni asbesto: usipulize, usikwangue.

Feni ambazo koili zake zimefunikwa kwa pamba na vanishi zinataka subira, hasa huku pwani. Pima kwa mega (kipima ukinzani wa insulesheni) ya volti 500 kati ya koili na bodi ya chuma. Ikisoma chini ya megaomu 1, ianike juani siku kadhaa, upime tena. Kipimo kikipanda, endelea kukausha. Kikigoma, mota ikasukwe upya.