Wasomaji Wanauliza: Ndoa ya sasa, makosa ya zamani na viza ya Marekani

Barua tulizochagua zinatoka kwa Wakenya waliooa au kuolewa na raia wa Marekani. Ndoa zao hazina shaka. Kinachowasumbua ni yaliyotokea kabla ya ndoa.

Swali: Nilikwenda Texas mwaka 2013 kwa viza ya mwanafunzi. Karo ikanishinda, nikaacha chuo 2015, nikafanya kazi ya kutunza wazee hadi niliporudi nyumbani Januari 2020. Sasa nimeolewa na raia wa Marekani. Wakala mmoja ameniambia nisijisumbue hadi 2030 kwa sababu nimefungiwa miaka kumi. Ni kweli? – Msomaji, Nakuru

Jibu: Dada, huenda wakala anakupotezea miaka bure. Marufuku hiyo ipo kweli. Aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini hakufikisha mwaka, kisha akaondoka mwenyewe, hufungiwa miaka 3. Aliyefikisha mwaka au zaidi hufungiwa miaka 10, na miaka hiyo huanza siku aliyotoka nchini humo. Lakini siku hazihesabiwi kwa watu wote namna moja, na hapo ndipo mawakala wengi hukosea.

Mgeni wa matembezi huandikiwa tarehe ya mwisho kwenye rekodi yake ya kuingia, yaani I-94, na hesabu huanza siku inayofuata tarehe hiyo. Wanafunzi wa viza ya F-1 wa wakati wako kwa kawaida waliandikiwa herufi D/S badala ya tarehe: ruhusa ya kukaa maadamu unafuata masharti ya masomo. Ulipoacha chuo ulivunja masharti, hilo halina ubishi. Hata hivyo, siku za marufuku haziendi kwa mtu wa D/S mpaka idara ya uhamiaji, USCIS, itamke ukiukaji huo inapoamua ombi lake, au jaji wa uhamiaji aamue hivyo. Mwaka 2018 USCIS ilijaribu kubadilisha hesabu hii, mahakama ikaizuia.

Kwa hiyo usihesabu miaka uliyokaa. Tafuta I-94 yako imeandikwa nini, na kama baada ya 2015 uliwahi kuomba chochote USCIS kikakataliwa. Usijibu kwa kumbukumbu. Chini ya sheria ya uhuru wa habari, FOIA, unaweza kuomba nakala ya faili lako USCIS kupitia mtandao bila malipo, na rekodi za kuingia na kutoka kutoka idara ya forodha na mipaka, CBP. Fanya hivyo kabla mumeo hajajaza fomu yoyote.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni ile kazi. Kufanya kazi bila kibali peke yake hakufungi mlango wa viza ya mke. Lakini mwajiri wa Marekani humpa mwajiriwa fomu I-9, na mwajiriwa huweka alama kwenye kisanduku kinachoeleza hali yake. Wengi waliweka alama kwenye kisanduku cha raia ili wasikose kazi. Kujidai raia wa Marekani ni kosa ambalo anayeomba viza ya uhamiaji hana msamaha wa kuliombea, hata ndoa iwe na umri gani. Kama uliweka alama hapo, zungumza na wakili kwanza. Wakili, si wakala.

Jambo jingine: kama tangu urudi uliwahi kuomba viza ya matembezi, ulieleza nini kuhusu chuo na kazi? Ukiwa ulisema umehitimu na hukuhitimu, hilo linaweza kuitwa udanganyifu, na udanganyifu hufunga maisha yote, si miaka kumi. Msamaha wake huombwa kwa fomu I-601, na lazima uthibitishe kwamba mumeo, au mzazi wako aliye raia au mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu), atapata dhiki kubwa mno. Dhiki ya watoto peke yao haihesabiwi. Barua ya kusema “nampenda na namhitaji” haitoshi. Yanayobeba uzito ni rekodi za hospitali za mumeo, ugonjwa ambao matibabu yake hayapatikani Kenya au bei yake hawezi kuimudu, mzazi mzee anayemtegemea, mkopo wa nyumba, na maelezo ya kwa nini hawezi kuhamia Nakuru. Pande zote mbili zielezwe: atateseka vipi mkiwa mbali, na atateseka vipi akihamia kwako.

Faili likiwa safi, njia ni ya kawaida. Mumeo anawasilisha I-130, ombi la kuthibitisha kwamba wewe ni mke wake. Kwa ada zilizoanza Aprili 2024 ni dola 625 mtandaoni au 675 kwa karatasi. Likikubaliwa, mnalipa dola 325 za ombi la viza na 120 za kiapo cha udhamini, unajaza fomu ya ombi hilo la viza, DS-260, kisha usaili Nairobi. Kipato chake lazima kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini; kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025 kilikuwa dola 26,437. Cheti cha ndoa kitoke kwa msajili. Ndoa ya kimila au ya msikitini isiyosajiliwa itawachelewesha. Cheti cha tabia njema kinaombwa eCitizen kwa shilingi 1,050.

Ukinyimwa siku ya usaili, soma namba ya kifungu cha sheria kwenye karatasi. 221(g) mara nyingi maana yake kuna hati inayokosekana au wanaendelea kuchunguza. 212(a) ni kizuizi cha kisheria, na herufi zinazofuata ndizo zinazosema kama kuna msamaha.

Swali: Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Minneapolis tangu 2017. Niliingia kwa viza ya matembezi, nikapewa miezi sita, sikuondoka. Mke wangu amezaliwa hapa. Jamaa ananishauri nirudi nyumbani nikachukue viza Nairobi “kwa njia safi”. – Msomaji, Minnesota

Jibu: Ndugu yetu, usipande ndege. Siku utakapotoka ndiyo siku marufuku ya miaka 10 itakapokukamata, na viza ya mume itageuka kesi ya msamaha.

Kwa mume wa raia aliyepitia kwa afisa wa mpakani akaruhusiwa kuingia, sheria inasamehe kuzidisha muda. Unaomba kadi ya kijani ukiwa hukohuko: I-130 ya mkeo na I-485 yako, ombi la kadi yenyewe, zipelekwe pamoja. I-130 peke yake haikupi ulinzi wowote. I-485 ni dola 1,440, na tangu Desemba 2024 ripoti ya daktari, I-693, lazima iambatane nayo. Ikikosekana ombi linaweza kurudishwa. Pasipoti yenye muhuri imepotea? Chapisha I-94 kutoka mtandao wa CBP.

Njia hii ina mipaka. Mabaharia walioingia kwa viza ya wafanyakazi wa meli hawaruhusiwi kuitumia, hata wakioa raia. Tunalitaja kwa sababu Mombasa wapo wengi. Mke mwenye kadi ya kijani tu, asiye raia, hakufutii siku ulizozidisha. Asubiri kwanza awe raia. Na kama uliwahi kuitwa mahakama ya uhamiaji, usitume kitu kabla wakili hajaangalia kama kuna amri ya kuondolewa nchini.

Swali: Mume wangu aliwahi kuoa Mmarekani mwingine. Waliachana, yule mama akaondoa ombi la uhamiaji alilomwombea na kuandika kwamba alilipwa ili aolewe. Ndoa yetu ni ya kweli na tuna watoto wawili. Itatudhuru? – Msomaji wa Kisumu aliye Atlanta

Jibu: Inaweza kudhuru vibaya sana. Kifungu 204(c) cha sheria ya uhamiaji kinasema aliyefunga ndoa ili kupata faida ya uhamiaji tu hakubaliwi tena ombi la ndoa, milele, na hakina msamaha. Ukweli wa ndoa yenu na watoto wenu haufuti ya kwanza.

Lakini kuondolewa kwa ombi peke yake si hukumu ya ndoa ya makaratasi. USCIS inahitaji ushahidi mzito ulio kwenye faili. Omba faili lake kwanza, msome barua hiyo inasema nini hasa. Kama ndoa ile ilikuwa ya kweli ikavunjika, anza sasa kukusanya mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, kodi walizowasilisha pamoja, taarifa za benki, na viapo vya waliokaa nao. Wakikusudia kukataa ombi lenu hutuma ilani na kutoa siku 30 za kujibu, na siku hizo hazitoshi kutafuta karatasi za miaka kumi iliyopita. Kama kweli pesa zilitolewa, mwambieni wakili wenu hivyo kabla ya kusaini chochote.

Swali: Niliitwa kwa jaji wa uhamiaji Boston, nikaogopa, sikwenda. Nikarudi Eldoret 2022. Je, mke wangu Mmarekani anaweza kuniombea viza? – Msomaji, Eldoret

Jibu: Kukosa kesi bila sababu ya msingi hufunga miaka 5 tangu kuondoka, na kizuizi hicho hakina msamaha kwa viza ya uhamiaji, lazima uimalize. Amri ya jaji ina marufuku yake ya miaka 10, na hiyo huombewa ruhusa ya kurudi kwa fomu I-212. Kama uliugua au wito haukukufikia, tafuta uthibitisho sasa. Mkeo anaweza kuwasilisha I-130 wakati miaka mitano inakwisha.