Kabla ya kutuma picha ya dashibodi, funga saa zake

Ndugu, umeuliza namna ya kumtumia meneja hali ya dashibodi ya Grafana (programu inayochora grafu za vipimo) kila asubuhi kutoka kwenye terminali, bila kumpa nenosiri. Inawezekana. Mimi nafanya hivyo kila siku hapa Kisumu, ambako natunza mitambo ya vyumba baridi vya samaki. Lakini kabla ya amri yenyewe, shughulikia saa.

Mwanzoni nilikuwa natuma kiungo tu. Usiku mmoja joto la chumba cha mbuta lilipanda, nikanakili kiungo nikamtumia meneja. Alikifungua kesho yake jioni, akakuta mstari umetulia, akauliza shida iko wapi. Kiungo kilikuwa na now-6h, na saa hizo sita huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia pale mtu anapokifungua. Basi nikahamia kwenye picha. Mara nyingine umeme ukakatika, na picha ikaonyesha joto limeanza kupanda 23:00. Mlinzi wa zamu ya jioni akaitwa ajieleze kwa nini hakuwasha jenereta. Hakuwa na kosa lolote: umeme ulikatika saa nane usiku, naye alishakabidhi zamu saa sita. Seva yetu ilikuwa inahesabu saa za UTC, yaani saa za kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu. Nilienda kumwomba radhi mimi mwenyewe, na tangu siku hiyo sitoi picha isiyo na saa za Nairobi.

Amri ninayotumia ni hii:

curl -f -H "Authorization: Bearer $TOKENI" -o "chumba2-$(TZ=Africa/Nairobi date +%F-%H%M).png" "http://localhost:3000/render/d-solo/UID/jina?panelId=2&from=$KUANZIA&to=$HADI&width=1000&height=500&tz=Africa%2FNairobi"

UID na jina ni vya dashibodi yako, na panelId ni namba ya grafu unayotaka. KUANZIA na HADI ni milisekunde. Unazipata kwa date -d "12 hours ago" +%s%3N na date +%s%3N. Tokeni, yaani ufunguo unaotumika badala ya nenosiri, itoe kwenye akaunti ya huduma ya Grafana yenye cheo cha Viewer (mtazamaji tu), hicho kinatosha. Ni lazima uwe umeweka grafana-image-renderer, inayogeuza grafu kuwa picha, na ujue inakula kumbukumbu kwa sababu inafungua kivinjari cha Chromium kwa ndani. Usiache ile -f: bila hiyo, tokeni ikiisha muda, ujumbe wa kosa unahifadhiwa kwa jina la .png na meneja anapokea faili lisilofunguka.

Amri iweke kwenye skripti, usiiandike moja kwa moja ndani ya crontab (orodha ya kazi ambazo seva huziendesha yenyewe kwa saa ulizopanga). Huko alama ya % ina maana nyingine, na amri itakatikia njiani. Kumbuka pia kwamba kama seva iko UTC, kazi ya 0 3 * * * (yaani 03:00 kila siku) ndiyo saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na tarakimu ndogo hazisomeki.

Meneja akitaka kuigusa grafu mwenyewe na kusoma kila nukta, mpe snapshoti, yaani nakala ya dashibodi iliyogandishwa pamoja na data yake. Hapo nakushauri utumie kitufe cha kushiriki ndani ya Grafana. Nilipoteza siku mbili nikituma JSON (maandishi ya mpangilio) ya dashibodi kwa API, mlango wa Grafana wa kupokea amri, kwenye /api/snapshots na kupata paneli tupu, kwa kuwa njia hiyo inataka data yenyewe iwe imeshawekwa ndani ya JSON. Weka muda wa kuisha. Kwenye API sehemu ya expires ni sekunde, 604800 ni siku 7, na 0 ni milele. Yeyote mwenye kiungo na anayeifikia seva ataiona bila kuingia, pamoja na majina ya mistari, kwa hiyo kama umeipa mistari majina ya wateja, yabadilishe kwanza. Hifadhi deleteKey (ufunguo wa kufuta) unayorudishiwa. Ukiiweka mwisho wa /api/snapshots-delete/, snapshoti inafutika hata bila nenosiri, kwa hiyo usimpe mtu.

Picha ikitoka tupu au ikichelewa, andika hapa toleo la Grafana na ukubwa wa kumbukumbu ya seva. Nitakujibu usiku nikitoka kazini.