Ritena, jino lililong'oka, na mama aliyeambiwa asubiri nje

Barua tulizochagua safari hii zote zimetoka Mtwara na Lindi. Nyingine ni za meno yaliyokwisha kupangwa na ritena, kifaa kinachovaliwa ili meno hayo yasirudi yalikokuwa, nyingine ni za chumba cha dharura. Zimejibiwa na daktari wa meno na muuguzi wa dharura.

*Binti yangu ana miaka 16. Alifungwa nyaya za meno Dar es Salaam kwa miaka miwili, zilipotolewa akapewa ritena ya plastiki. Ana miezi miwili hajaivaa, na sasa jino moja la mbele limeanza kupinda. Je, hela yetu imepotea? Na atalazimika kuivaa mpaka lini?*
*Mama wa Shangani, Mtwara*

Haijapotea, mama, ila usingoje likizo. Leo jioni mwambie aioshe ritena yake, asimame mbele ya kioo na kuijaribu. Ikiingia mpaka mwisho, hata kama inabana na meno yanauma kidogo, aivae usiku na mchana kwa wiki moja au mbili. Aitoe wakati wa kula na kupiga mswaki tu, kisha arudi kwenye utaratibu wa usiku. Ikigoma, utaona uwazi kati ya ncha ya jino na plastiki, kama kofia ya mtoto iliyowekwa kwenye kichwa cha mtu mzima. Hapo asiing'ate kwa nguvu ili iingie, maana itapasuka. Anahitaji daktari amtengenezee nyingine, na pengine jino hilo lirudishwe kwanza mahali pake.

Sababu ya meno kurudi ni hii. Jino halijapigiliwa mfupani kama msumari. Limeshikwa na maelfu ya nyuzi laini zinazounganisha mzizi, mfupa na fizi. Nyaya zinapolivuta jino, nyuzi hizo hunyooka na kukaza, na siku nyaya zinapotoka bado zinavuta kurudi kulikozoeleka. Zinazozunguka mzizi huchukua miezi 3 hadi 4 kujipanga upya. Za fizi huchukua miezi 4 hadi 6. Zile zinazonyumbuka kama mpira, zilizoko shingoni mwa jino juu ya mfupa, zinaweza kuhitaji karibu mwaka mzima. Ndiyo maana jino lililokuwa limejizungusha ndilo huwahi kurudi. Mwangalie binti yako: kama linalopinda leo ndilo lililokuwa limekaa ubavu zamani, jibu ni hilo.

Kuhusu mpaka lini, tutasema kweli hata kama haipendezi: kwa muda wote anaotaka meno yabaki yalivyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha mwaka 1981 matokeo ya wagonjwa 65 waliokuwa wameacha kuvaa ritena kwa miaka 10 au zaidi. Kwa takriban theluthi mbili yao, meno ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena kiasi cha kutoridhisha. Meno hayo hubanana kadiri umri unavyosogea hata kwa mtu ambaye hajawahi kufungwa nyaya. Kwa hiyo asiambiwe ni adhabu ya mwaka mmoja. Aizoee kama anavyozoea mswaki.

Habari njema ni kwamba usiku unaweza kutosha. Majaribio yaliyofanyika Uingereza kwa ritena hizi za plastiki angavu yalilinganisha waliovaa usiku na mchana na waliovaa usiku peke yake, na tofauti ya maana haikuonekana. Madaktari wengine bado huanza na usiku na mchana kwa miezi michache. Kama wako alisema hivyo, mfuate yeye, kwani ndiye anayejua meno yalikuwaje mwanzo.

Wengi hutuuliza pia ipi ni bora. Mwaka 2023 mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 47 zenye washiriki 4,377, na hayakupata ushahidi wa kutosha kusema aina moja inazishinda nyingine. Sisi tunashauri mchague kwa kuangalia maisha ya nyumbani. Ya plastiki angavu haionekani mdomoni na ni rahisi kutengeneza, ila inachakaa na inaharibiwa na joto. Ya akriliki, yaani plastiki ngumu, yenye waya mbele, iliyobuniwa na Charles Hawley zaidi ya miaka 100 iliyopita, inadumu zaidi na waya wake unaweza kukazwa, ila inabadilisha matamshi kwa siku za mwanzo. Ya tatu ni kiwaya kinachobandikwa nyuma ya meno ya mbele kutoka chonge hadi chonge. Hicho kinamfaa mtoto msahaulifu kwa sababu hakitoki, lakini kutotoka huko ndiko kunakodanganya. Gundi ikiachia kwenye jino moja hakuna maumivu, hakuna kelele, na jino linahama taratibu kiwaya kikiwa bado kipo. Mwenye nacho akikague kila wiki kwa kioo na tochi ya simu, agusie kila jino kwa ncha ya ulimi. Chini ya kiwaya hicho ukoga hukaa upesi, kwa hiyo uzi wa meno au kaburashi kadogo ka kupita katikati ya meno ni lazima.

Neno moja kwa familia za kusini, kwa sababu daktari bingwa wa kupanga meno yuko mbali na safari ya Dar es Salaam si ya kila mwezi. Siku nyaya zinapotolewa, ombeni ritena mbili, na ombeni mpewe sanamu ya plasta ya meno yaliyonyooka. Ifungeni kwenye pamba na kuiweka kabatini. Ritena ikipotea, ikitengenezwa mapema kabla meno hayajahama, sanamu hiyo inatosha kutengenezea nyingine bila mtoto kusafiri. Kama sanamu haipo, daktari wa meno aliye karibu anaweza kuchukua vipimo kwa aljineti, unga unaokorogwa na maji na kuumwa ili ushike umbo la meno. Hapa ndipo mambo huharibika: watu hutuma kile kipimo chenyewe kwa basi. Aljineti hupoteza maji na kusinyaa, kikifika Dar es Salaam si meno ya mtoto tena. Plasta imiminwe hapohapo, ndani ya nusu saa hivi, iachwe igande kwa saa moja, na kinachopanda basi kiwe sanamu ngumu iliyofungwa vizuri.

*Ritena yangu imekuwa nyeupe-nyeupe na inanuka. Niliichemsha kuua vijidudu, ikapinda. Nifanyeje nyingine isiharibike?*
*Mwanafunzi, Lindi Mjini*

Iliyopinda haitengenezeki, acha kuivaa, maana inaweza kuyasukuma meno kusikotakiwa. Nyingine ioshe kwa maji ya baridi kila unapoitoa, kwa mswaki laini na tone la sabuni ya vyombo. Dawa ya meno ina chembe zinazokwaruza plastiki, na harufu hujificha kwenye mikwaruzo hiyo. Kwa ule weupe, changanya siki na maji nusu kwa nusu, iloweke dakika 15 hadi 20, ipige mswaki, isuuze. Usitumie jiki. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani juani. Jua la Lindi linatosha kuikunja. Usinywe soda ukiwa umeivaa, kwani sukari na asidi hubaki zimefunikwa juu ya jino. Ukienda kula, iweke kwenye kiboksi chake. Ritena nyingi hupotelea kwenye tishu ya mezani, na mbwa nao huzitafuna.

*Mwanangu wa miaka 9 alianguka kwenye mkorosho akitafuta mabibo. Jino la mbele la juu likatoka zima. Tulilifunga kwenye leso, tukafika hospitali baada ya saa mbili, halikurudishwa. Mdomo ulishonwa mimi nikiwa nje, namsikia tu anavyolia. Tungefanya nini?*
*Mama wa Ruangwa*

Pole sana, mama. Tuanze na jino. Juu ya mzizi kuna chembe hai zinazoliwezesha kushika tena. Zikikauka kwa saa moja, nyingi huwa zimekufa. Leso kavu ndiyo iliyoziua, na hakuna aliyekuambia.

Ikitokea tena, kwako au kwa jirani, fanyeni hivi. Liokoteni kwa kushika upande wa kutafunia, msiguse mzizi. Kama lina mchanga, lisuuzeni kidogo kwa maziwa au mate ya mtoto mwenyewe, bila kusugua wala kukwangua. Kisha lirudisheni kwenye tundu lake hapohapo, upande wa mbele ukitazama mbele, na mtoto aume kitambaa safi kulishikilia mpaka mfike. Ndani ya dakika 15 ndiyo nafasi nzuri kabisa. Mkiogopa kulirudisha, liwekeni kwenye kikombe cha maziwa. Maziwa hakuna? Mtoto ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Maji ya kawaida yanaharibu chembe zile, ila ni afadhali kuliko kukauka. Dafu limefanyiwa utafiti maabara na majibu yamepingana, kwa sababu lina asidi, kwa hiyo maziwa yatangulie. Na jino la utoto lisirudishwe kamwe, linaweza kuumiza jino la ukubwani lililo chini yake. Kwa miaka 9, meno ya mbele ya juu kwa kawaida ni ya ukubwani.

Hospitali hulifunga jino na ya jirani kwa waya laini kwa wiki 2, huangalia chanjo ya pepopunda, na hupanga matibabu ya mzizi. Chakula kiwe laini kwa muda huo. Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 300. Asipewe aspirini.

Kwa sasa mpeleke kwa daktari wa meno kwa ajili ya ile nafasi. Ikiachwa wazi, meno ya pembeni huinamia kuijaza, na baadaye kazi huwa kubwa. Kuna kibao chenye jino la bandia kinachoshikilia nafasi mpaka akue.

Na ule mlango? Ulistahili kuulizwa kama unataka kuingia. Siku nyingine sema kwa upole: "Nesi, naomba nikae naye, nitamshika mkono, sitawasumbua." Barua inayofuata imetoka upande wa pili wa mlango huohuo.

*Ni muuguzi wa chumba cha dharura. Tunaambiwa tuihusishe familia, lakini chumba ni kidogo, ndugu wanashuka sita kwenye gari moja, na wengine wanazimia. Nianzie wapi?*
*Muuguzi, Masasi*

Anza na mtu mmoja. Muulize mgonjwa, au mama wa mtoto: "Unataka nani akae na wewe?" Usichague wewe. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, mjomba ana uzito wake, na mara nyingi baba au mama hatatoa neno la mwisho kabla mjomba hajasikia. Uliza mapema: "Nani mwingine anapaswa kusikia maelezo haya?" Apigiwe simu wakati kazi inaendelea. Matibabu ya kuokoa maisha hayamsubiri yeyote.

Aliyechaguliwa mwandae kwa sentensi tatu kabla hajaingia: atakachokiona, atakaa wapi, afanye nini. "Utaona damu kidogo mdomoni. Utakaa kwenye kiti hiki kichwani kwake. Kazi yako ni kumshika mkono na kuzungumza naye." Kiti ni muhimu. Wanaozimia wengi walikuwa wamesimama, wana njaa, na hawakuambiwa wataona nini. Mwambie pia kwamba akisikia kizunguzungu atoke bila aibu.

Mzazi asipewe kazi ya kumkandamiza mtoto. Mtoto mdogo akae mapajani, kifua kwa kifua, mikono ikimzunguka mama, wewe utafute mshipa kwenye mkono uliobaki nje. Anayenyonya anyonyeshwe wakati wa sindano, hupunguza maumivu kweli. Wa miaka 9 anayeshonwa mdomo alale, mama akae usawa wa macho yake, na sindano ya ganzi ipewe muda wa kufanya kazi kabla ya uzi wa kwanza. Mtoto anayelia kwa sababu ganzi haijashika hatulizwi na mtu yeyote, hata mama yake.

Hofu kubwa ya wenzako ni ndugu kuwepo wakati wa kukandamiza kifua cha mgonjwa ambaye moyo umesimama. Chama cha wauguzi wa dharura cha Marekani kilipitisha azimio la kuunga mkono uwepo wa familia mwaka 1993. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha ndugu 570 wa wagonjwa ambao moyo ulisimama wakiwa nyumbani. Walioalikwa kushuhudia walikuwa na dalili chache za mshtuko wa akili miezi mitatu baadaye kuliko wale ambao hawakualikwa, na uwepo wao haukuvuruga kazi ya timu. Sharti ni moja: awepo mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni huyo ndugu tu, amweleze kinachofanyika. Kama usiku huo mko wawili na mgonjwa mahututi, huyo mhudumu hayupo. Basi mmoja wenu atoke mlangoni kila baada ya dakika chache awape habari za kweli wale sita. Usiwaache na ukimya.

Kwa bibi anayezungumza Kimakonde zaidi, mtafute mtu mzima wa kutafsiri, si mjukuu wa miaka 10. Na wakati wa kuruhusu, usiulize "umeelewa?" Kila mtu huitikia ndiyo. Sema: "Nieleze ukifika nyumbani utampa dawa vipi, na ukiona nini utarudi." Akikosea, rudia maelezo yako, kosa ni la maelezo.

*Kijana wangu alilala na ritena ya akriliki iliyopasuka, asubuhi kipande hakionekani. Yupo sawa. Nimpeleke?*
*Baba, Mikindani*

Mpeleke leo. Akikohoa, akitoa sauti ya mluzi akipumua, akitokwa na udenda au akishindwa kumeza, ni dharura ya sasa hivi. Akikohoa kwa nguvu mwache akohoe. Akishindwa kabisa kupumua au kutoa sauti, mpige mapigo 5 katikati ya mabega kwa kiganja, kisha msukume tumboni kwa kasi mara 5 kutoka nyuma, juu ya kitovu, kwa kupandisha, ukirudia hivyo kwa zamu, mapigo kisha misukumo, mpaka kitoke. Akipoteza fahamu, mlaze chini na uanze kumkandamiza kifua. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Akriliki na plastiki angavu hazionekani kwenye eksirei. Waya ndio unaoonekana. Picha safi haimaanishi kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo kusanya vipande vyote vilivyobaki, viweke kwenye kiboksi na uende navyo. Daktari akiviunganisha mezani ataona ukubwa na umbo la kinachokosekana, na kama kina waya ndani yake.