Michirizi ni maji, rangi ni mkazo

Fundi wa Njiro, umeuliza kwa nini vifuniko vya taa za bodaboda mnavyotengeneza kwa kusukuma polikaboneti iliyoyeyushwa (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ndani ya moldi, yaani kalibu, vinatoka na michirizi ya fedha, na ukivitazama kwa miwani ya jua ya polaroidi (inayochuja mwanga kwa mwelekeo wa mawimbi yake) vina rangi za upinde wa mvua. Hayo magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Michirizi ni maji. Polikaboneti inanyonya unyevu hewani, na masika hii ya Arusha ukiacha mfuko wazi usiku kucha umekwisha. Kausha punje za plastiki kwa nyuzi 120, saa 3 hadi 4, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.02, kisha zitumie zingali moto. Kuanika juani hakutoshi, pole.

Rangi ni mkazo ulioganda ndani. Plastiki ilisukumwa kwa nguvu ikapoa ghafla, molekuli zikabaki zimevutwa upande mmoja, kwa hiyo kasi ya mwanga humo inategemea mwelekeo ambao mawimbi yake yanatetemeka, na miwani yako inaionyesha tofauti hiyo kama rangi. Pandisha joto la moldi, jaribu nyuzi 80 hadi 100, na punguza shinikizo la mwisho la kushindilia plastiki moldi ikishajaa. Angalia hasa pale plastiki inapoingilia. Rangi hujazana hapo.

Wengi hukimbilia kuongeza joto la plastiki yenyewe. Inasaidia kiasi, ila ukizidisha nyuzi 320, au ikikaa sana kwenye silinda ya kuyeyushia, inageuka njano.

Moldi ya moto itakupunguzia vipande kwa saa, mwambie bosi mapema.